Mvua, baridi na vumbi: kuzuia majeraha ya mjengo na barabara Nairobi msimu kwa msimu

Kwenye mjengo, mvua ikianza kila mtu hukimbilia kibanda. Watu huumia ikishakatika: jua limetoka, foremani anataka kufidia saa mbili zilizopotea, na mtaro wa msingi uliokuwa imara jana umekunywa maji usiku kucha. Barabarani ni kinyume chake. Nusu saa ya kwanza ya mvua ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mafuta ya injini, vumbi na chembe za mpira zilizojikusanya kwenye lami wakati wa kiangazi huelea juu kabla hazijasombwa, na lami huteleza kama sabuni.

Mtu anayepitia hatari hizi mbili mara nyingi ni yule yule. Fundi anatoka Mukuru au Kayole kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu au kwa boda, anashinda mjengoni, kisha anarudi jioni mvua ikinyesha. Kwa hiyo mwongozo huu hautenganishi mjengo na barabara. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, na ya vuli, Oktoba hadi Desemba, zimepewa nafasi kubwa, kwa kuwa ndizo zinazoangusha kuta na kujaza mashimo.

Kabla mvua haijaanza

Maandalizi yafanywe wiki mbili za mwisho za Februari, tena mwishoni mwa Septemba. Ukingoja tone la kwanza, umechelewa.

1. Chimba mtaro wa kukinga maji upande wa juu wa ploti, kina cha sentimita 30 hivi, ukishuka sentimita 10 kwa kila mita 10 za urefu. Usielekeze maji kwa jirani wala barabarani. Yapeleke kwenye mfereji.

2. Ujue udongo wako. Embakasi, South C, Syokimau na Kitengela kuna udongo mweusi unaopasuka nyufa kiangazi na kuvimba ukilowa. Karen, Kileleshwa na pande za Kikuyu udongo ni mwekundu. Huu mwekundu hudanganya watu: ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta, basi fundi anauamini, ukishalowa humeguka kwa bonge zima bila kuanza na vipande vidogo.

3. Nunua mbao za kushikilia kuta za mtaro sasa. Mjengo ambao hauna mbao tayari hautazinunua siku mtaro umejaa maji na mafundi wanalipwa kwa siku.

4. Gawa gambuti, glavu na makoti ya mvua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kibarua hatakiwi kukatwa pesa kwa ajili yake.

5. Kila Jumapili jioni foremani asome utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha apange wiki: kuchimba na kumwaga slabu (sakafu ya simiti) siku kavu, plasta na kazi za ndani siku za mvua.

Asubuhi baada ya mvua: kagua kabla ya kugawa kazi

Ukaguzi huu unachukua dakika 20 mpaka 30, na mtu mmoja ndiye apewe jukumu hilo kwa jina. Ukiachiwa "kila mtu aangalie", hakuna atakayeangalia.

Anza nje, kwenye ukuta wa ploti. Ukuta wa mawe unaozuia udongo ulio juu zaidi upande mmoja hubeba uzito wa maji pia, na kama hauna matundu ya kutolea maji, siku moja utalala upande wa barabara. Matundu yawe ya bomba la inchi 2 au 3, kila mita 1.5 hadi 2, na yasiwe yamezibwa na matope. Ukiona ukuta umeinama, umepata ufa mpya wa mlalo, au umetoa tumbo, zungushia utepe umbali usiopungua kimo chake, pande zote mbili, na wachuuzi walioweka meza zao chini yake waambiwe waondoke. Wao ndio huangukiwa kwanza.

Jengo lililo kando ya mto liangaliwe kwa macho mengine kabisa. Lile la Huruma lililoanguka usiku wa mvua kubwa, Aprili 29, 2016, na kuua watu karibu 50, lilikuwa kando ya mto. Ufa mpya kwenye nguzo, mlango ulioanza kukwama, maji yanayobubujika chini ya msingi: watu watoke kwanza, injinia aitwe baadaye.

Mtaro wa msingi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hadi 2, yaani kama gari dogo na zaidi. Mtu akifukiwa mpaka kifuani, hata kama kichwa kiko nje, kila akitoa pumzi udongo hushuka na kujaza nafasi ile, na pumzi inayofuata inakuwa ndogo zaidi.

Kina cha mita 1.2 huonekana cha mchezo, kwa sababu mtu akisimama kifua chake kiko juu ya ukingo. Lakini fundi wa vyuma hasimami humo. Amechuchumaa anafunga waya, kichwa kiko chini ya ukingo, mgongo umeelekea ukuta, na hasikii kitu kwa kelele ya mikisa, mashine ya kuchanganya simiti. Kwa hiyo kina kikifika mita 1.2 au zaidi, ukuta ushikiliwe au ukatwe kwa mteremko.

1. Tembea juu ya ukingo kwanza. Tafuta nyufa zinazokwenda sambamba na mtaro. Mara nyingi hujitokeza umbali wa nusu ya kina hadi kina kizima kutoka ukingoni. Ufa kama huo ni onyo kuwa bonge limeshaanza kuachana na udongo wenzake. Usimtume mtu chini.

2. Tazama chini ya ukuta. Ukiona umevimba kwa ndani, unavuja maji, au una rundo dogo la udongo uliodondoka usiku, kazi isubiri.

3. Sogeza udongo uliochimbwa uwe angalau mita 1 kutoka ukingoni. Lori la mawe lisimame umbali usiopungua kina cha mtaro, na zaidi ya hapo udongo ukiwa umelowa.

4. Toa maji. Pampu ya petroli ibaki juu. Usiishushe mtaroni hata kama mpira ni mfupi, kwa kuwa moshi wake hauna pa kutokea na huua kimya kimya.

5. Shikilia ukuta. Kwa mteremko, udongo uliolowa unahitaji mita 1.5 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kina, kila upande. Ploti ya futi 50 kwa 100 haina nafasi hiyo, kwa hiyo utatumia mbao: mbao nene za inchi 2 zisimamishwe wima zikigusana, zishikwe na mbao za mlalo, kisha gogo au jeki zivuke kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Funga kuanzia juu ukishuka; ukitoa, anza chini ukipanda. Zaidi ya mita 2, mpango huo auchore injinia.

6. Weka ngazi inayozidi ukingo kwa mita 1. Hakuna mtu awe mbali nayo zaidi ya mita 7 au 8.

7. Mtu mmoja abaki juu muda wote, asipewe kazi nyingine. Anaangalia nyufa.

Kibarua akiona hatari kubwa na kuiripoti, sheria ile ya 2007 inasema mwajiri asimrudishe mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Foremani anayejibu "kama hutaki shuka mwenzako" anavunja sheria, na mafundi wote waliosimama pale wanapaswa kulijua hilo.

Mtaro ukiporomoka juu ya mtu, usiruke ndani. Ukuta ulioanguka mara moja huanguka tena, na wanaokufa mara ya pili ni waokoaji. Zima mikisa na magari ya karibu, piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, kagua kuta, ziegemeze kwa mbao zozote zilizopo, ndipo watu wawili washuke. Fukua kichwa na kifua kwanza, kwa mikono au karai. Sululu na koleo zikae mbali na mwili. Usimvute kwa kamba wala kwa ekskaveta; utavunja uti wa mgongo.

Jukwaa, umeme na simiti mbichi

Jukwaa la miti ya mikaratusi likisimama kwenye udongo uliolowa huzama mguu mmoja mmoja. Ukiwa chini huoni tofauti; juu ghorofa ya pili, sentimita 3 zimekuwa mwinamo. Kila mguu ukae juu ya ubao wa inchi 2, upana wa inchi 9, unaobeba angalau miguu miwili. Matofali hayafai, yanapasuka. Futa matope kwenye mbao za kukanyagia na umwage mchanga kidogo. Tikisa kila kiungo: misumari iliyolowa na kukauka mara nyingi hulegea. Reli ya kuzuia iwe kimo cha mita 1 hivi, na jukwaa lifungwe kwenye jengo lenyewe. Ukisikia ngurumo, wote washuke. Warudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Umeme wa mjengo huua zaidi siku za matope kwa sababu ya kitu kimoja: kebo ya ekstensheni iliyoungwa kwa utepe, imelala kwenye dimbwi. Itundike kwenye vigingi, kimo cha kupita mtu. Mashine zote zipite kwenye swichi ya usalama inayokata umeme unaovuja kwa miliampia 30, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila asubuhi. Isipokata, hakuna mashine inayowashwa. Vyuma vya mita 12 na ngazi za bati visikaribie nyaya za juu kwa chini ya mita 3, na penye laini kubwa waulize Kenya Power kabla ya kuanza. Mtu akinaswa na umeme, kata kwenye swichi kuu. Ile habari ya kumsukuma kwa mti mkavu haifanyi kazi kwenye mvua, maana mti mkavu haupo.

Simiti ndiyo watu wengi huidharau. Siku ya slabu, mvua ikinyesha, simiti huingia ndani ya gambuti kwa juu. Haiumi. Fundi anaendelea na kazi saa tatu, nne, soksi imelowa maji ya simiti, na jioni akivua anakuta ngozi ya kifundo cha mguu ni nyeupe na laini kama mkate uliolowa, chini yake ni kidonda. Hiyo ni kuungua kwa kemikali. Simiti ikiingia, vua hapo hapo, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, badilisha soksi. Usipake mafuta. Suruali ishushwe nje ya gambuti, isichomekwe ndani, ili maji yateremke nje.

Misumari ya mbao za kumwagia slabu hufichwa na matope. Ing'olewe au ipindwe siku mbao zinapotolewa. Aliyechomwa aoshe kidonda na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya pepopunda, hasa kama chanjo yake ya mwisho ina zaidi ya miaka 5. Vyuma vinavyochomoza kwenye slabu viwekewe ubao uliofungwa juu ya safu nzima. Chupa ya plastiki inayovalishwa kila chuma huzuia mikwaruzo tu. Mtu akiteleza na kuangukia, haimsaidii.

Mjengo usipeleke hatari barabarani

Mchanga na kokoto zilizomwagwa nusu ya barabara nje ya ploti ni ajali inayosubiri usiku. Mvua ikija husambaza mchanga kwenye lami, na boda anayekata kona hapo anakwenda chini hata kwa kilomita 30 kwa saa. Mwaga ndani ya ploti. Kama haiwezekani kabisa, lundo lizibwe pembeni kwa mawe au mbao, liwe na alama zinazong'aa pande zote mbili, na barabara ifagiliwe kabla ya giza. Matope ya magurudumu ya lori yaoshwe getini. Mpe mtu mmoja ufagio, koleo na mpira wa maji. Ni gharama ndogo sana kuliko mguu wa mtu.

Boda na magari

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari hukimbia mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ya kushtuka na kugusa breki imeshamaliza mita 14. Lami kavu itaongeza 14 au 15 za kusimama, lami iliyolowa kama 25. Kwa hiyo nafasi ya sekunde 2 nyuma ya gari la mbele iwe sekunde 4: chagua mlingoti, gari la mbele likiupita hesabu polepole.

Dereva wa boda afanye haya:

1. Angalia gurudumu. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vivimbe vidogo. Mpira ukilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa mvua usifike huko: chini ya milimita 3, badilisha. Usizidishe upepo, tairi gumu hugusa lami kidogo.

2. Mvua ikianza, simama chini ya paa dakika 20 hadi 30, lami ioshwe. Usisimame chini ya daraja ukiziba njia, kwani gari linalokuja halikuoni.

3. Breki zote mbili kwa pamoja, kwa upole, pikipiki ikiwa wima. Mistari ya rangi, vifuniko vya chuma na viungo vya madaraja vipite bila breki na bila kukata kona.

4. Usipite juu ya dimbwi usilolijua. Vifuniko vingi vya mifereji ya Nairobi vimeibwa, na maji yakijaa shimo halionekani. Pita palipopita gurudumu la gari la mbele.

5. Abiria mmoja tu, helmeti mbili. Koti la mvua na leso vikunjwe mbali na gurudumu la nyuma. Mwavuli mkubwa uliofungwa kwenye pikipiki ukunjwe upepo ukivuma.

Maji yanayokimbia kwa kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima, 30 hunyanyua gari dogo, 60 hubeba magari mengi hata makubwa. Mombasa Road na Thika Road zote zilifurika Aprili na Mei 2024. Ukiona maji yanavuka barabara kwa kasi, geuza. Matatu ikiamua kuvuka, abiria wana haki ya kushuka kabla.

Anayetembea

Reflekta ya mjengo usiivue jioni. Ivae mpaka nyumbani, na uivae tena alfajiri, maana kwa mvua na giza la saa moja jioni dereva haoni koti jeusi mpaka umefika mbele ya taa zake. Ila reflekta iliyoganda simiti haing'ai tena. Ioshe kwa sabuni kila wiki.

Kofia ya koti hufunika pembe za macho, ivue unapovuka. Panda daraja la miguu hata kama mvua ni kali. Kuvuka Thika Road mbio ukiwa umeinamisha kichwa ni kumwachia dereva asiyeona vizuri maamuzi yote. Unaposhuka matatu, ngoja isimame kabisa, kisha angalia kama unakanyaga lami au mfereji uliojaa.

Juni hadi Agosti

Vidole hufa ganzi kwa baridi, na nyundo au grainda ikishikwa kwa vidole vya ganzi huponyoka. Kazi ya kukata ianze baada ya mwili kupata moto. Simiti nayo hukomaa polepole. Kama injinia amesema miti inayoegemeza slabu ikae siku 21, Julai si mwezi wa kuomba itolewe siku ya 14.

Hatari kubwa msimu huu ni jiko. Soja (mlinzi) wa usiku huingiza jiko la makaa kwenye kontena au kibanda cha mabati na kufunga mlango. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu wala rangi. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma na usingizi, ambao yeye hudhani ni uchovu. Makaa yaliyofunikwa jivu hutoa sumu ile ile. Jiko libaki nje, na mwajiri ampe blanketi na koti zito. Ukimkuta amelala hajibu, fungua mlango, mtoe nje kwanza, kisha piga simu. Kwa walio barabarani, ukungu wa Limuru na Rironi unataka taa za chini. Taa za juu hurudishwa na ukungu machoni mwako.

Joto, vumbi na upepo

Januari na Februari, anayepiga mabati juu ya paa anywe kikombe kimoja cha maji kila dakika 20, bila kungoja kiu. Kata mawe kwa maji, sio kavu, ili vumbi lisipande. Upepo ukizidi, bati lisipandishwe. Bati moja likishikwa na upepo humvuta aliyelishika.

Mtu akiumia

Mtu aliyeanguka kutoka juu asiinuliwe wala kupakiwa kwenye boda. Mshikilie kichwa na shingo zisitikisike mpaka ambulensi ifike. Damu inayotoka kwa wingi ibanwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufunua kila mara kuangalia.

Jeraha liandikwe siku hiyo: tarehe, saa, mahali, majina ya walioona. Piga picha ya mtaro au jukwaa kabla halijarekebishwa. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, mwajiri akishajulishwa ana siku 7 kuripoti kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini; kifo kijulishwe ndani ya saa 24. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, kwa hiyo kibarua wa siku asiambiwe kwamba hahusiki. Na mwajiri mwenyewe asipoambiwa juu ya ajali ndani ya miezi 12, haki ya fidia hupotea, hata kama mguu ulianza kusumbua mwaka uliofuata.